Tonge la Kwanza la Dhahabu Saba

Habari hii haikutokea kwenu, hata kidogo. Ilitokea katika nchi moja ya mbali sana, ambako jina la nchi hutamkwa kwa kibali tu, na kibali cha mwaka huu bado hakijatoka. Kwa hiyo, msomaji, ukikutana humu na waziri anayefanana na waziri unayemfahamu, jua kwamba ni sura tu zimegongana, na uendelee kusoma kwa amani.

Katika nchi hiyo, wilaya ya Mlowola, aliishi mjane mmoja aitwaye Nyamizi, mpishi wa sherehe za serikali. Kwa miaka ishirini na miwili, kila kiongozi aliyefika Mlowola kuzindua kisima, au choo cha shule, au bango la kutangaza kwamba choo cha shule kitazinduliwa, alikula chakula cha Nyamizi na kuondoka akijilamba vidole.

Nyamizi alikuwa na mambo mawili asiyoyafanyia mzaha. La kwanza ni kutoa sumu. Kwao Mlowola, chakula kikishaepuliwa, aliyeleta unga hukata tonge la kwanza, akalila mbele ya wageni wote wakimtazama koo. Akishameza, wageni hunawa. Asipomeza, hakuna anayenyoosha mkono, hata awe ameshinda na njaa siku mbili. Hiyo ndiyo heshima, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuibadili.

La pili ni Kijino. Kijino yalikuwa mahindi meupe ya zamani, punje zake ndogo na ngumu kama meno ya mtoto. Mama yake alimwachia mbegu akiwa kitandani, siku ambazo hakuweza tena kumeza hata uji, akamwambia neno moja: "Usiyapoteze." Tangu hapo kila msimu Nyamizi alichagua mahindi mazuri kuliko yote, akayasuka kwa maganda yake, akayatundika juu ya mafiga yapate moshi. Mlowola nzima ilikuwa imebaki na Kijino kwake peke yake. Wengine walikuwa wamezila mbegu zao mwaka wa njaa, na hakuna wa kuwalaumu.

*

Ndipo ikaja Dhahabu Saba.

Waziri wa Shibe na Matarajio aliitangaza redioni siku tatu mfululizo. Ilikuwa mbegu ya mahindi ya njano iliyotengenezwa maabara, huko kwa Wenye Mbegu, ng'ambo. Wataalamu walikuwa wamechukua kitu kutoka kwa kiumbe kingine wakakitia ndani ya hindi. "Inavumilia jua," alisema Waziri. "Inamshinda mdudu bungua. Na adui wa maendeleo akiitazama, macho yanamwasha!" Hakusema ni kiumbe gani kilichochangia, kwa kuwa hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyeuliza kwa kuwa kuuliza kulikuwa na idara yake.

Shamba la majaribio likawekwa Mlowola, ubavuni mwa shamba la Nyamizi. Likazungushiwa nyaya saba, mlinzi mwenye bunduki na bango lililoandikwa kwa rangi nyekundu: HAKUNA HATARI. USISOGEE. Watu walisoma bango wakakaa mbali. Upepo haukusoma. Mahindi yalipochanua, vumbi la mbelewele, yale maua ya kileleni, lilipita katikati ya nyaya zote saba bila kuonyesha kitambulisho.

Msimu wa mavuno Nyamizi alimenya Kijino akakuta, katikati ya punje nyeupe, punje mbili za njano. Alizitazama, akazigeuza kwenye mwanga, akazitazama tena. Akafanya kosa ambalo mtu wa Mlowola yeyote angelifanya: akamwonyesha jirani. Kesho yake alfajiri mkaguzi alikuwa mlangoni, ameshika kioo cha kukuzia na hati ya mashtaka. Kosa lilikuwa "kupokea vumbi la mbelewele la watu bila ridhaa ya mwenyewe."

"Lilinijia lenyewe," Nyamizi alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote wapokeao mali ya wizi," mkaguzi alijibu, akiandika.

Adhabu ilikuwa nyepesi, kwa kuwa serikali ile ilikuwa na huruma. Mbegu zote za Kijino zingechomwa siku ya uzinduzi wa Dhahabu Saba, mbele ya Waziri, kwa sababu ratiba ilihitaji mwenge na mwenge ulikuwa haujapatikana. Na kwa kuwa mpishi wa sherehe alikuwa Nyamizi yuleyule, barua ilimalizia kwa upole: "Uje na mwiko wako, na mbegu zako."

Tangu siku hiyo Nyamizi hakukalika. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda kutazama juu ya mafiga kama Kijino bado kipo. Alikuwa akiunguza maharage, yeye ambaye hajawahi kuunguza hata maji.

*

Akaenda Idara ya Maswali. Karani alimtazama juu ya miwani.

"Swali lako, mama, ni la kuuliza au la kujibiwa?"

"Lipo la kujibiwa?"

"Lipo, ila fomu zake zimekwisha. Za kuuliza ziko tele."

Alijaza ya kuuliza. Karani akaigonga mhuri, akaichana vipande viwili, akampa kimoja kama kumbukumbu. Kisha, labda kwa kumhurumia, akanyoosha kidole kuelekea chini ya ngazi. Huko, katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha mafagio, aliketi mtafiti wa serikali aitwaye Stahimili, mtu wa makamo mwenye shati moja safi na kopo la maharage yaliyoota.

"Mwanangu," Nyamizi alianza bila kusalimu, jambo ambalo si tabia yake, "yale mahindi yana sumu?"

"Sijui, mama."

"Si wewe ndiye mtaalamu?"

"Ndiyo maana najua kwamba sijui. Wengine huko juu hawajui hata hilo." Stahimili alimvutia ndoo aikalie. "Sikiliza, mama yangu. Mimi sina ugomvi na hindi. Huenda ni chakula kizuri tu, kikaokoa watu mwaka wa jua kali. Nimeuliza mambo matatu basi. Mtu mwenye mzio, ambaye mwili humvimba akila kitu fulani, akila hili itakuwaje? Likizaana na mahindi ya jirani, nani atajibu? Na mkulima asiyelitaka, atalikataaje? Nauliza mwaka wa pili sasa."

"Wamekujibu nini?"

"Kwamba majibu yamo ndani ya faili, na faili ni siri ya Wenye Mbegu."

"Umeliona?"

"Nimeliona jalada," alisema Stahimili, na macho yakamlegea kwa uchungu. "La bluu. Zuri sana."

Nyamizi alirudi nyumbani kwa miguu, akisema peke yake njia nzima. Alikuwa amekwenda kutafuta ndiyo au hapana, akapata mtu mmoja tu mkweli, na mtu huyo yuko chumba cha mafagio. Hilo lilimuudhi kuliko hati ya mashtaka.

*

Siku nne kabla ya uzinduzi, Afisa Itifaki, Bwana Kapalata, aliwakusanya wahusika kwa mazoezi.

"Saa nne, wimbo," alisoma. "Saa nne na robo, hotuba. Saa sita, mwisho wa robo hiyo. Saa sita na dakika moja, Mheshimiwa anaonja ugali."

"Baada ya aliyeleta unga kutoa sumu," alisema Nyamizi.

Bwana Kapalata alitabasamu kwa meno ya mbele tu. "Bi Nyamizi, neno hilo limefutwa kwenye shughuli za serikali tangu jana. Tunasema kufungua ladha."

"Liite utakavyo, bwana. Nani anaifungua?"

Hapo ndipo nchi ilipokwama. Aliyeleta unga alikuwa nani? Wakamfuata Waziri. Waziri akatuma salamu kwamba ana jino, na daktari amemkataza kutafuna hadi baada ya uchaguzi. Wakamfuata Mjumbe wa Wenye Mbegu, bwana mrefu mwenye suti ya kitani, ambaye tangu afike Mlowola alikuwa akila samaki wa kopo kutoka kwao. Mjumbe akaeleza kwa masikitiko makubwa kwamba mkataba wake wa kazi unamkataza kula bidhaa. Mkuu wa Wilaya alikuwa amefunga. Alipoulizwa amefunga mfungo gani, alisema ni wa binafsi. Mtu mmoja akapendekeza kwamba unga umeletwa na Taifa, na wote wakapiga makofi, mpaka ikakumbukwa kwamba Taifa halina koo la kutazamwa.

Ikapendekezwa desturi irukwe, mara hii moja tu. Kamanda wa polisi alisimama kwa adabu. "Waheshimiwa, vijana wangu ni watiifu. Mkituambia tumpige mtu bila sababu, tutampiga. Lakini kula bila kutolewa sumu, samahani, hawatakula."

Kamati ikakaa siku tatu, ikala wali. Siku ya tatu Mwanasheria wa Wizara alitoka na waraka, uso unang'aa. Waraka ulisema hivi: Bi Nyamizi wa Mlowola ametangazwa Mwenyeji wa Taifa, na mwenye mali kamili wa Dhahabu Saba, kuanzia mbegu hadi sufuria, pamoja na siri zake zote na madhara yake yote, hadi atakapoonja.

Werevu wa waraka ule ulikuwa wa kutisha. Nyamizi akionja akabaki wima, mali inarudi kwa wenyewe papo hapo. Akionja akaanguka, atakuwa ameangushwa na mali yake mwenyewe, na hakuna wa kushtakiwa ila marehemu. Mjumbe wa Wenye Mbegu alitia saini kwa faraja ya mtu anayevua kiatu kinachobana. Waziri alitia saini kwa kalamu mbili.

Nyamizi alisoma waraka mara tatu, midomo ikicheza. "Na Kijino?" aliuliza.

"Kitachomwa mara tu baada ya kuonja," alisema Kapalata. "Ratiba ni ratiba, mama."

Aliukunja waraka, akautia kwenye pindo la khanga, akaufunga fundo. Tangu hapo mkono wake haukutoka kwenye lile fundo.

*

Siku ikafika, na jua lake. Vijiji kumi vilikuja, vimeshinda njaa kwa makusudi, kama watu wanavyofanya wakisikia kuna chakula cha bure. Kulikuwa na maturubai matatu: la viongozi, la wageni na la gari la wagonjwa, ambalo dereva wake hakuzima injini. Kwenye meza kuu, ndani ya kisanduku cha kioo, lililazwa faili la bluu ili wananchi waushuhudie usalama kwa macho yao. Na mbele ya meza, juu ya kuni zilizopangwa vizuri, kilikaa Kijino chote, kimefungwa utepe mwekundu.

Nyamizi alisonga ugali akikitazama. Kusema kweli, harufu ya ule ugali wa njano ilikuwa nzuri. Watu wazima waliokumbuka unga wa njano wa msaada, ule wa miaka ya shida, walisogea nyuma kidogo. Watoto walisogea mbele.

Waziri alihutubu. "Ndugu wananchi! Wapo wanaouliza, je, ni salama? Nami nawauliza: je, wao ni salama? Mahindi haya hayana chama! Hayana kabila! Yana protini! Babu zetu walikula walichokipata. Sisi tutakula tulichopewa!" Makofi yalipigwa na waliolipiwa nauli.

Kisha Bwana Kapalata akamkabidhi Nyamizi kijiko cha serikali, cha fedha, chenye nembo, kilichoagizwa rasmi. Nyamizi alikigeuza huku na huku asione kazi yake kwenye ugali, akakiweka kando. Alinawa. Akakata tonge, akalifinyanga, akaliinua. Vijiji kumi vikamtazama koo.

Hapo, kwa jicho la pembeni, akaona mfuko wa koti la Kapalata. Karatasi mbili zilikuwa zimechungulia. Ya kwanza ilianza na "Tunakupongeza." Ya pili ilianza na "Tutakukumbuka."

Hofu ilimshika Nyamizi, hofu ya kweli. Na nyuma ya hofu ikaja hasira, maana alikuwa amewalisha watu hawa miaka ishirini na miwili, na hakuna siku aliyowapa kitu ambacho yeye hakukijua. Akalirudisha tonge kwenye sinia.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi. "Unga huu ni wangu?"

"Ni wako, mama, kwa mujibu wa waraka. Onja."

"Na siri zake ni zangu?"

Waziri akamtazama Mwanasheria. Mwanasheria akakohoa. "Kimaandishi... zote."

"Basi naomba faili langu."

"Faili ni siri!" Waziri alinguruma.

"Ni siri yangu, Mheshimiwa. Nimeishika hapa," alisema Nyamizi, akafungua fundo la khanga mbele ya watu.

Mwanasheria alisoma waraka aliouandika mwenyewe kana kwamba umeandikwa na adui yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria na sheria ilikuwa na mhuri, akafungua kisanduku. Nyamizi akamwita Stahimili kutoka nyuma ya umati aje asome. Mtafiti yule alilipokea faili kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na karatasi tatu.

Ya kwanza ilitoka Wizarani kwenda kwa Wenye Mbegu. Ilisema: "Tumeridhika kwamba zao hili ni salama, kwa kuwa ninyi mmeridhika." Ya pili ilitoka kwa Wenye Mbegu kwenda Wizarani. Ilisema: "Tumeridhika kwamba zao hili ni salama, kwa kuwa serikali yenu imeridhika." Zote mbili zilikuwa za tarehe moja. Ya tatu yalikuwa maswali matatu ya Stahimili, na juu yake alama ya mviringo ya kikombe cha chai.

Stahimili alisoma zote kwa sauti, polepole. Alipofika ya tatu, sauti ilimkatika, na hakuona aibu.

Nyamizi alichukua mfuniko akaufunika ugali. "Wageni wangu," alisema, "mnisamehe. Sitoi sumu ya chakula nisichokijua. Labda ni kizuri. Yajibiwe matatu haya, nitakuwa wa kwanza kunawa. Kwa leo, mwenyeji hajala."

"Mkamateni!" Waziri alipiga kelele.

Kamanda alisogea hatua moja. "Kwa kosa gani, Mheshimiwa?"

"La... la mbelewele!"

Mwanasheria alimnong'oneza, na kipaza sauti kikayachukua maneno na kuyapeleka vijiji vyote kumi: Nyamizi sasa ni mwenye Dhahabu Saba, na mtu hawezi kuiba vumbi lake mwenyewe. Kwa hiyo Nyamizi alikwenda kwenye kuni, akakata utepe mwekundu kwa kisu cha vitunguu, akajitwika Kijino. Usidhani alishangiliwa. Watu walikuwa na njaa tangu asubuhi, na wengine walimnung'unikia waziwazi. Mama mmoja alimsonya. Alikwenda nyumbani huku analia, hajui kama analia kwa furaha.

*

Hivyo ndivyo nchi ile ilivyobaki hadi leo. Waraka unasema hadi atakapoonja, na Nyamizi hajaonja. Mwanasheria amepandishwa cheo, amekuwa balozi katika kisiwa chenye ndege wengi na watu wachache. Stahimili amepewa chumba chenye dirisha. Ameanza kulipima hindi kama inavyotakiwa, na anasema atahitaji misimu mitatu. Wizara inasema atapewa mmoja na nusu. Nyamizi, kama mwenye mali, ameandika barua kuamuru shamba la nyaya saba lihamishwe mbali na lake. Idara ya Maswali imeipokea, na inasubiri fomu za kujibu zichapishwe.

Kila asubuhi Mzee Chubwa, tarishi wa Wizara aliyebakiza miezi michache astaafu, hufika kwa baiskeli na kijiko cha serikali ndani ya boksi lake, pamoja na kitabu.

"Hodi, shemeji. Umeonja?"

"Karibu, shemeji. Bado."

Huandika, "Hajaonja." Kisha huketi, maana safari ni ndefu.

Juzi alimkuta Nyamizi anamenya Kijino kibichi kwa ajili ya kuchoma. Mahindi yalikuwa yamekubali mwaka huu. Nyamizi alimenya moja, akalizungusha mkononi polepole, akalikagua mstari kwa mstari, pumzi ameizuia. Kisha akachomoa kitu kwa ukucha, akakitia ndani ya kiberiti kitupu.

"Hizo za njano unazitoa za nini?" Mzee Chubwa aliuliza. "Nyumbani kwangu tunazila tu, nasi tuko hai."

"Sijui bado kama za kutolewa, shemeji. Nazipeleka kwa Stahimili azijue."

"Na akisema hazina neno?"

"Nitashukuru Mungu." Aliliweka hindi juu ya makaa, akaligeuza mpaka likaiva vizuri. Akalipuliza majivu. Halafu akaliuma yeye kwanza, akatafuna, akameza huku mzee yule akimtazama koo, ndipo akampa.

Mzee Chubwa alikula, akashukuru, akapanda baiskeli yake. Nyamizi alibaki amesimama uani, upepo ukivuma kutoka upande wa nyaya saba. Alifungua kiberiti akahesabu. Mwaka wa kwanza zilikuwa mbili. Mwaka huu zimefika kumi na moja, na bado hajamenya nusu.